Siku Mithika Alipobeba kwa Mukwa

Mume wangu Mithika hapendi kushauriwa, hasa na mimi. Mwaka wa tisini na nne wateja wa mashine yetu ya kusaga posho pale Makutano walihamia kwa Runji, ng'ambo ya barabara. Mithika akalaumu kiangazi, akalaumu wivu, akalaumu hata mama yangu. Mwishowe akaongea na Kivuti wa Embu aje Jumamosi kununua injini, nasi turudi Timau kufanya vibarua katika ngano ya watu. Mimi Timau siitaki. Baridi yake inaingia mpaka kwenye meno.

Shida niliijua, maana mgongo wangu uliijua. Mlango ulikuwa mmoja, na mizani aliiweka ndani kabisa, kando ya kiti chake, ili kila mtu ampitie mkubwa. Mwanamke aliingia na gunia mgongoni, ule ukanda wa mukwa umembana kipajini, akakutana na mwenzake anayetoka na unga, wakasukumana kama mbuzi zizini. Na ukishatua gunia sakafuni, huwezi kuinuka nalo bila mtu wa kukuinua.

"Si wanabeba tu? Wameanza kubeba jana?" Mithika akabisha.

"Haya, beba wewe."

Mwanamume wa Kimeru hubeba begani. Mukwa ni wa wanawake. Lakini alitaka sana kuninyamazisha, kwa hiyo akafunga mlango, nami nikamvalisha. Alifika kwenye mizani, akatua gunia. Kuinuka nalo akashindwa. Akajaribu tena, akaanguka kitako. Nilicheka mpaka machozi, naye, Mungu ambariki, akacheka.

"Kananu, hii nyumba ilipangwa na mtu mjinga."

"Namjua," nikamwambia.

Kesho yake alitoboa ukuta wa nyuma akaweka mlango wa kutokea. Mizani akaisogeza mbele. Nje akajenga ukingo wa mawe unaofika kiunoni, mtu aegemeze gunia, avae mukwa, aende zake. Jirani yetu Ciakuthii alikuja kuchungulia tu. Kufikia Ijumaa alikuwa ameleta kijiji kizima.

Jumamosi Kivuti aliingia kwa mlango wa nyuma, spana mkononi, akigongana na wanawake. Mithika alimtazama, nyusi zimejaa unga.

"Ndugu yangu, hapo ni pa kutoka tu, na injini haitoki. Kama uko na mahindi, zunguka mbele upange laini."