Kesi ya Maporomoko ya Rejea

Katika nchi ya Haitoshi, mgeni aliyeulizwa kama ameshiba alipaswa kujibu "bado", na aliyejibu vinginevyo alihesabiwa kuwa amemtukana mwenyeji wake. Watu wa nchi hiyo walikuwa hodari wa kuongeza na wazito wa kuacha. Na aliyetukuzwa kuliko wote alikuwa tajiri Ziada, aliyeujaza mdomo wa Mto Rejea vizimba vya nyavu, akafuga humo samaki waitwao samoni, waliobanana hata maji yakakosa pa kupita.

Juu mtoni aliishi Shuhuda binti Subira, mlinzi wa maporomoko, aliyewatazama samoni wa mwituni wakirudi kutoka baharini kuzaa katika maji baridi walimozaliwa. Kila mwaka aliwaona wakipungua. Aliteremka hadi vizimbani, akakuta chawa wa samaki wakizaliana humo bila kiasi, na wana wa samoni, wembamba kama kidole, wakipita kando kwenda baharini na kutafunwa wakiwa hai. Aliyasema hayo hadharani, naye Ziada akamshtaki kwa kuikashifu neema, kosa ambalo adhabu yake ilikuwa kuhamishwa nchi.

Barazani Ziada alieleza kwa adabu kwamba samaki ni samaki, na kwamba wake walitosha kuziba pengo la wote watakaopotea. Shuhuda hakubishana. Aliomba jambo moja tu: baraza liende likaone.

Hakimu Taamuli aliridhia, wakapanda mlima siku mbili. Siku ya tatu walikaa juu ya miamba tangu alfajiri, maji yakinguruma, wala hapakutokea kitu. Shuhuda alianza kuhofu kwamba huenda hakubaki hata mmoja.

Adhuhuri, samoni jike aliruka kutoka katika povu. Mgongo wake ulikuwa umeliwa na chawa hata nyama ikaonekana. Alianguka. Akaruka tena, akapigwa na mwamba, akarudishwa chini. Mara ya saba alining'inia hewani, mwili mzima ukitetema kwa nuru, kisha akaupenya ukingo wa maji, akaenda zake. Baraza zima lilikuwa limesimama, na hakuna aliyejua alisimama saa ngapi.

"Bwana Ziada," Hakimu aliuliza kwa sauti ya chini, "katika samaki wako, yupo awezaye haya?"

Ziada alikuwa amevua kilemba. "Hayupo, Mheshimiwa. Wangu hawana pa kurudi."

Shuhuda aliachiliwa palepale. Iliamriwa vizimba viondolewe kabla ya wana wa samoni kuteremka, na ufugaji uhamie katika mabwawa ya nchi kavu. Majira yaliyofuata, Ziada alimwomba Shuhuda ruhusa ya kusimama naye mdomoni mwa mto. Waliingia majini hadi magotini. Wana wa samoni wakaja, wachache, waking'aa, wakapita katikati ya miguu yao kuelekea bahari kuu. Naye Ziada hakuthubutu kusogeza hata unyayo.