Amepoa

…asikitoe kabla ya dakika tano, ndivyo alivyosema Nicodemo, mganga wa zahanati ya shamba, hata mtoto akijipindua asikitoe, akamwachia saa yake ya mkononi akatoka kwenda barabarani kuangalia kama gari la hospitali ya Haydom limeonekana, kana kwamba gari linakuja upesi likitazamwa, na sasa ni saa nane na dakika kumi na moja mchana, kwa hiyo mpaka kumi na sita, Gervasi alijiambia, kumi na sita, huku ameubana mkono mdogo wa mwanawe Imakulata ubavuni kwake, kipimajoto kikiwa kwapani, na vidole vyake vyenye grisi ambayo sabuni imeshindwa kuitoa vimeshika mfupa mwembamba ambao angeweza kuuvunja bila kutaka… kumi na sita… na feni inazunguka, Mungu ambariki aliyeitengeneza huko ilikotoka, feni ya kombaini namba saba, aliing'oa mwenyewe asubuhi kwenye kibanda cha dereva bila kumwomba meneja ruhusa, na aje aulize, kombaini yenyewe imekufa tangu mwaka juzi, akaifunga kwenye mguu wa kitanda, akaunganisha betri ya trekta, akatundika mbele yake gunia la katani lililoloweshwa, na Nicodemo akatoboa mrija wa dripu kwa sindano ili maji yadondoke juu ya gunia polepole, na upepo ukipita humo unamfikia mtoto ukiwa umepungua ukali, vilevile madereva walivyokuwa wakipozwa wakati wa mavuno humo ndani ya vumbi la ngano, na maji yasiwe ya baridi, Nicodemo alisisitiza, yawe vuguvugu, ya baridi yatamtetemesha na mtetemeko utapandisha joto, jambo ambalo Gervasi alilielewa mara moja, injini iliyochemka nayo haimwagiwi maji baridi, inapasuka… ila injini unaizima, unakaa kivulini unasubiri, mtoto utamzima wapi… arobaini na nusu, ndivyo kilivyosema kipimajoto saa sita, na degedege mara mbili, macho meupe, meno yamekazana, miaka minne tu amekaa duniani.

Ng'ambo ya kitanda amekaa mama yake Gervasi, Qamara, amechovya kitambaa kwenye beseni, anakikamua, anamfuta mjukuu shingoni, anachovya tena, na blanketi mbili alizokuja nazo kutoka Nangwa zimekunjwa miguuni pake, maana alipofika jana mtoto alikuwa akilia kwamba anasikia baridi, naye akafanya kama alivyofanyiwa na mama yake na kama mama yake alivyofanyiwa, akamfunika gubigubi, na Nicodemo alipozifunua hakugomba, alimwambia tu kwa heshima, shikamoo bibi, leo tufanye kinyume, na bibi akatingisha kichwa akakubali bila neno, kwa kuwa huyu mama siku hizi haongei Kiswahili, anakisikia chote lakini hakitamki, dukani ananyoosha kidole kuonyesha chumvi, kanisani anaimba nyimbo za Kiiraqw tu, lugha ya kwao, nyingine ananyamaza, watu wanadhani ni uzee, na mwanawe anajua si uzee… kumi na mbili, dakika moja tu, saa hii imesimama nini, aliiweka sikioni, haijasimama… si uzee, kwa sababu mama huyu alikipenda Kiswahili kuliko hata walivyokipenda wanawe, alikwenda elimu ya watu wazima na mtoto mgongoni, akafaulu, akapewa cheti, akakitundika ukutani karibu na picha ya Bikira Maria, na alipokwenda kliniki aliwatafsiria wenzake, anajidai kidogo, akisema hiki ni hiki na kile ni kile, mpaka siku ya Zita… asifike huko, si sasa, atazame mshale, atazame gunia, gunia linakauka pembeni, aongeze maji, hapana, akiinuka mkono utalegea na kipimajoto kitadanganya, mama ameona, ameinuka yeye, amemwagia kikombe, amekaa, ameona bila kuambiwa, siku zote anaona bila kuambiwa… Zita, binti yake mkubwa, alikuwa na miaka sita, alikuwa Nangwa kwa bibi yake, anaumwa homa, na yeye Gervasi alikuwa kambi ya mbali upande wa Basotu, Julai, mavuno, kombaini kumi na mbili mfululizo na fundi mmoja, na jioni ile Theodory wa redio ya upepo alimwita kibandani akamwambia kuna ujumbe kutoka Nangwa, mama yako ameutoa mwenyewe kwa karani, unasema mtoto amepoa.

Amepoa, na yeye akacheka, akasema ashukuriwe Mungu, akanunua soda kreti nzima, wakala nyama, akabaki kambini siku nne mpaka ngano ikaisha, na alipofika nyumbani na kilemba chekundu alichomnunulia Zita mnadani akakuta udongo mbichi nyuma ya nyumba, walimsubiri siku mbili, wakashindwa kusubiri zaidi, na mkewe Kornelia amekaa chini hamtazami, na mbele ya wazee wote wa ukoo, mbele ya padri, akamwuliza mama yake ni Kiswahili gani hicho, aliyepona anaitwa amepona, aliyekufa amekufa, wewe unasema amepoa kama unasema uji, cheti cha nini, kwa neno lako sikumzika mwanangu, na mama yake akatazama chini, yeye alikuwa ametaka kukisema kifo taratibu, alitaka neno lisilomgonga mwanawe akiwa peke yake huko mbali, na kwa lugha ya nyumbani asingekosea, huko maneno hayo mawili, kupoa na kupona, hayajuani kabisa, lakini karani hakujua Kiiraqw, na kesho yake cheti hakikuwapo ukutani… kumi na tatu na nusu… miaka mitatu sasa, shikamoo ya kutoka mlangoni, mama anatingisha kichwa, basi, na Kornelia aliyelala Haydom wiki ya pili akisubiri kujifungua, hajui kama huku mwingine naye anaungua, nani atampelekea ujumbe, na kwa neno gani… kwa neno gani, Gervasi, wewe uliyewafundisha watu maneno… maana kuna kitu kingine, kipo, kimekuwepo siku zote kama kokoto kwenye buti ambalo mtu hataki kulivua mbele za watu, Theodory hakuishia pale, Theodory alimtazama, alikuwa na kalamu mkononi, akasema fundi, hapa nimeandika amepoa, si amepona, niwaite tena niulize? na mkono wake ulikuwa tayari kwenye redio, na Gervasi alisema nini… alisema hapana, inatosha… inatosha, kwa sababu kombaini namba saba ilikuwa wazi imemwagwa oili, kwa sababu meneja alikuwa ameahidi pesa za ziada ngano ikiisha, kwa sababu alikuwa ameshajua, mtu haendi kununua soda kreti nzima kwa mtoto aliyepona homa, mtu ananunua soda ili asisikie, alisikia vizuri, Mungu wangu, alisikia vizuri kuliko karani na Theodory wote wawili, akakataa kuuliza, na kisha akambebesha mama yake mzigo, na mama akaubeba, akaulipia kwa ulimi wake… kumi na nne… machozi yamekuja na mikono haiwezi kuyafuta, mmoja umeshika mtoto, mwingine umeshika saa, basi yateremke.

"Mama," alisema, kwa Kiswahili, hakujua kwa nini kwa Kiswahili, "siku ile nilisikia vizuri. Theodory alitaka kuuliza tena. Nilimkataza mimi."

Kitambaa kilisimama juu ya beseni, kinadondosha, na feni inazunguka, na nje mtu anaita kwamba trekta zimesimama shambani, udongo mweusi ulioloa mvua umezishika, kwa hiyo na gari la Haydom nalo limeshikwa mahali, na mama yake alikikamua kitambaa, akakiweka pembeni, akaleta mkono, mgongo wa mkono, akauweka chini ya sikio la Imakulata, akauacha, mtoto akashusha pumzi ndefu, na mdomo wa mama ukafunguka ukafunga, ukatafuta, kama mtu anayetafuta ufunguo mahali alipouficha mwenyewe, na Gervasi aliliona neno lile linakuja na mwili wake wote ukajikaza kulikataa, si hilo, lolote lakini si hilo… kumi na tano…

"Anapoa," alisema Qamara.

Ana, si ame, alichagua, mwanafunzi wa elimu ya watu wazima, anapoa, bado, sasa hivi, haijaisha… na kipimajoto hakijasema kitu, dakika moja imebaki, barabara ni tope tupu, huenda jioni joto likarudi, huenda lisirudi, na Gervasi akaubana ule mkono mdogo vizuri zaidi, akainua uso wenye maji akamtazama mama yake.

"Rudia, mama," alisema. "Nisikie vizuri."