Pini Mia Mbili

Pakiti ya mia mbili niliibana kwa madaha, pini ya stepla katikati kabisa, kama zile zote za kabla yake. Kipeperushi nyuma, kondomu mbele. Nilijiona fundi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama alikuwa muuguzi wa kliniki ya vijana, na mji mzima ulimjua kwa kusema waziwazi mambo ambayo wengine huyasemea pembeni. Nyumbani, likitokea tangazo la uzazi wa mpango kwenye runinga, ghafla alikumbuka sufuria jikoni. Nami nilijikausha. Wenzangu waliamini nimeshafundishwa kila kitu, na niliona aibu kuwaambia sijui lolote.

Jumatatu alipeleka chuo cha ufundi boksi la pakiti alizonipa nimbanie. Darasa la kwanza aligawa arobaini. Darasa la pili alitaka kuonyesha namna ya kubonyeza pakiti ili kuhakikisha hewa haijatoka, kidole chake kikakutana na pini.

Alirudi nyumbani saa sita, sare ikiwa imelowa jasho. Hakunigombeza. Aling'oa pini moja, akanishikia pakiti dirishani, nikaona mwanga ukipenya kwenye vitundu viwili.

"Ikishatobolewa haizuii mimba wala ugonjwa," alisema. "Hukujua?"

Nikatikisa kichwa. Akajibwaga kwenye kiti.

"Miaka kumi na minane nafundisha watoto wa watu."

Arobaini zilikuwa mifukoni mwa watu. Tukiwa njiani kwenda chuoni kuzirudisha, nilimsihi aseme ni kosa la kiwanda. Alizidisha mwendo tu. Mimi niliogopa kuchekwa; yeye, nilikuja kuelewa baadaye, aliogopa kwamba zingetumika jioni ileile.

Alisimama mbele ya darasa, akaeleza hatari yenyewe bila kuzunguka, kisha akaniita nisimame kando yake.

"Huyu ni binti yangu. Alizitoboa kwa sababu hakujua, na hakujua kwa sababu sikumfundisha. Kosa ni langu."

Hakuna aliyecheka. Zilirudi thelathini na tisa. Ya arobaini ililetwa mlangoni wakati tunaondoka, na msichana wa ushonaji aliyekuwa ameificha ndani ya daftari. Alisema alikuwa na miadi na mchumba wake jioni ileile. Mama alimpa nyingine, nzima, akakaa naye kwenye benchi kwa muda mrefu. Nilingoja getini.

Leo kazi hiyo naifanya mimi, na pakiti nazitia kwenye bahasha. Vijana huniuliza nilijifunzia wapi kuzungumza bila haya. Huwataja walimu wa chuo cha uuguzi, lakini ninachokikumbuka ni njia ya kurudi nyumbani siku ile, barabara imejaa watu.

"Una swali?" Mama aliuliza.

Nilikuwa nalo, tangu miaka miwili nyuma. Nililiuliza kwa kunong'ona. Mama akanijibu kwa sauti yake ya kawaida, na hata watu walipotupita, hakuishusha.