Wa Kwanza Kuonja

Siku ya kwanza nilipompeleka Karenzi hospitali, karani wa mapokezi aliniuliza mgonjwa anaumwa nini, nami nikajibu malaria. Karenzi ni mdogo wangu wa tumbo moja, wote wawili tulizaliwa Goma, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa amelala kwenye benchi, anatetemeka, ananuka pombe hadi mama mmoja akamhamishia mtoto wake upande wa pili. Na mimi Xavérine, mwenye kibanda cha vitenge sokoni Gisenyi, mtu anayeheshimiwa na wateja wa pande zote mbili za mpaka, nikarudia kwa sauti: malaria. Karani aliandika hivyo hivyo, ingawa pua alikuwa nayo.

Walimpima, malaria haikuonekana. Akalazwa wiki tatu. Muuguzi wake aliitwa Evode, mtu mpole aliyekulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka. Siku ya kutoka alinivuta pembeni.

"Mama, mdogo wako ni mgonjwa. Ulevi ni ugonjwa, kama kisukari. Asipewe hata tone moja. Akionja tu, hataweza kujizuia."

"Kisukari mutu haendi kukinunua kwa cabaret kama pombe," nilimjibu. "Huyu, nani alimushika mukono akimupeleka glasi mu kinywa?"

"Mara ya kwanza, hakuna. Siku hizi ni ugonjwa wenyewe."

Nilicheka kwa dharau. Lakini nikisema ukweli, sikucheka kwa sababu nilijua kuliko yeye. Nilicheka kwa sababu niliogopa. Hapa kwetu, kabla ya kuoa, watu hupeleleza: katika ukoo ule kuna ugonjwa gani? Mlevi wanamcheka, yakaisha. Mgonjwa wanamwogopa, na binti yake wanamwogopa pia. Karenzi alikuwa na binti mmoja, Uwineza, mwalimu kule Rugerero, ambaye nilimlea mimi tangu mama yake alipofariki. Kwa hiyo ulevi wa baba yake nilitaka ubaki tabia mbaya. Tabia ni ya mtu mmoja, ugonjwa ni wa ukoo mzima. Ndivyo nilivyopiga hesabu zangu.

Karenzi alikaa miezi saba bila kunywa. Alirudi kwenye gereji yake ya pikipiki, akanenepa mashavu, akaanza tena kumtania binti yake mezani. Jioni alikunywa chai ya maziwa vikombe vitatu, mimi nikimlalamikia sukari yangu. Ndipo posa ikaja. Kijana aliitwa Manzi, ukoo wake uko Nyundo, watu waliorudi kutoka Masisi, ng'ambo kama sisi, wenye jina zuri. Walituma kusema wangekuja Jumamosi saa tisa.

Kwetu mgeni hapewi pombe ambayo mwenyeji hajaionja. Mwenye nyumba hupokea kibuyu, huvuta mrija mara moja mbele ya watu wote, halafu humpa mkubwa wa wageni. Maana yake ni kwamba humu hamna sumu, kunyweni kwa amani. Nyumba isiyoonja, wageni wana haki ya kunyanyuka na kwenda zao.

Asubuhi ile Karenzi alinifuata jikoni. Shati jipya, ndevu amenyoa.

"Yaya," aliniita, yaani dada mkubwa, kama alivyoniita tangu utoto, "mi siwezi kuonja. Waambie niko mugonjwa."

"Mugonjwa wa nini? Wataniuliza."

"Wa pombe. Vile Evode alisema."

"Mbele ya watu wa Nyundo? Donc, kumbe unataka waseme damu ya Uwineza iko na ugonjwa?"

"Basi onja wewe."

"Mi nionje, na baba wa mutoto iko pale muzima? Wageni watajiuliza nini?" Nilikuwa nachambua mchele, sikumtazama. "Ni kidogo tu, Karenzi. Vuta mara moja, basi. Mutu mukubwa kama we hawezi kushindwa na murija."

Alisogea penye beseni la maji. Kisha akanawa mikono, mikono ambayo ilikuwa safi, akatoka.

Walikuja saa tisa kamili, watu sita. Mkubwa wao alikuwa Ngoga, baba mkubwa wa Manzi, mzee mrefu mwenye kofia ambayo aliivua mlangoni. Tulisalimiana, tukaulizana habari za Masisi na za Goma, nani alihamia wapi, nani alifariki. Nilipoona mazungumzo yamekolea, nikaleta kibuyu cha pombe ya ndizi. Nilikibeba mimi mwenyewe. Ningeweza kumtuma mtu mwingine, lakini nilitaka kuonekana.

Nikakiweka mikononi mwa Karenzi. Wageni wakaelekeza macho kwenye mrija. Nilimwona akimeza mara moja, kisha akauachia. Umeona, nikasema moyoni, Evode na kisukari chake! Nilijisikia mshindi kabisa.

Karenzi akampa Ngoga. Mzee akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka juu ya goti.

"Asante sana, baba," alisema. "Nimeona umeonja, heshima nimeipata. Lakini mi sinywi. Niko mugonjwa wa pombe, sasa ni mwaka wa kumi na moja tangu niache. Ya kwangu haiponi, inatulia tu, na ikiguswa inaamuka. Watu wa kwetu wote wanajua. Munipe fanta, kama iko."

Alisema hivyo kama mtu anayesema kwamba yeye hali pilipili. Mkewe hakuinamisha kichwa. Manzi hakuona aibu. Mmoja wao alisema hata harusini kwake mzee alipewa maziwa, wakacheka kidogo, wakaendelea. Uwineza akaleta fanta, akapiga magoti, mzee akambariki.

Halafu Ngoga akarudisha kibuyu kwa Karenzi.

Karenzi alikipokea. Kisha akanitazama mimi, ng'ambo ya sebule, na mdomo wake ulikuwa umefunguka. Alitaka kusema. Alitaka kusema, "Hata mimi, baba," na watu wale wangeitikia na kumletea fanta ya pili. Na mimi, baada ya yote yale niliyoyasikia kwa masikio yangu, nilimtikisia kichwa. Usiseme. Hadi leo sijui kichwa changu kilifuata akili gani. Nilikuwa nimezoea kuficha hata nikasahau nilikuwa namficha nani.

Akafunga mdomo. Akarudisha mrija, akavuta, na safari hii hakuuachia. Hakuna aliyeshangaa, kwani baba wa binti amefurahi, anywe. Walikubaliana siku ya kuleta mahari, wanawake tukapiga vigelegele, na changu kilikuwa kirefu kuliko vyote. Karenzi aliwasindikiza wageni hadi barabarani, akitembea wima. Hakurudi ndani.

Tulimtafuta siku nne. Uwineza aliacha darasa lake akawa anaingia cabaret moja baada ya nyingine kumuulizia baba yake, binti aliyeposwa juzi, watu wakimkodolea macho. Aibu ile niliyotaka kumkinga nayo, alizunguka nayo mji mzima. Jumatano fundi mmoja wa gereji alimkuta nyuma ya baa, njia ya Rugerero, koti hana, kiatu kimoja. Tulimleta hospitali kwa gari la jirani.

Benchi lilikuwa lile lile, na karani yule yule. Nyuma yangu kwenye foleni alisimama mteja wangu wa vitenge kutoka Goma, mwanamke anayejua kupeleka habari. Uwineza alikuwa amemshika baba yake kichwa asianguke.

"Mgonjwa anaumwa nini?" karani aliuliza.

Niliinama karibu naye. "Pombe," nikasema.

"Sauti, mama."

"Ni mugonjwa wa pombe," nikasema, na foleni nzima ikasikia. "Alikaa miezi saba bila kuigusa. Ni mi nilimupa."

Karani aliandika neno moja, akauliza umri. Mteja wangu akatazama pembeni. Nilikuwa bado nahesabu miaka ya Karenzi kichwani nilipohisi kitenge changu kinavutwa. Alikuwa amefungua macho. Vidole vyake vilishika upindo wa nguo yangu, na aliwatazama wale watu wote kwa hofu, mmoja mmoja.

"Yaya," alininong'oneza, "sema malaria."