Chotara wa Zambarau

Kazi ya kunyonya nzi haina hadhi, na Kijiti alilijua hilo kwa sababu ndiyo aliyoajiriwa kuifanya. Ncha moja ya mrija unaiingiza kizimbani, nyingine mdomoni, unavuta pumzi, na kitambaa kidogo katikati kinamzuia nzi asifike tumboni mwako. Kisha unampuliza kwenye chupa. Hivyo hivyo mpaka jioni.

Nzi wa matunda maabarani walikuwa aina mbili, ndugu wasiotembeleana: wa mapera kushoto, wa machungwa kulia. Daktari, mama mfupi aliyeiongoza maabara, alikuwa na sheria moja tu. Kizimba kikichanganyika, kinaingia friza, basi.

Miezi mitatu nyuma, Kijiti alikuwa akipita na nzi sita wa mapera mrijani. Mlango wa kizimba cha machungwa alikuwa ameuacha wazi, na hapo kwenye sinki, shangazi yake muosha chupa alikuwa akinung'unika kwamba Daktari anawajua nzi wote kwa majina ya Kilatini, la kwanza na la pili, lakini yeye, mwaka wa kumi na moja sasa, bado anaitwa "wewe wa chupa".

"Niote mabawa," alisema shangazi, "labda na mimi nitapewa jina."

Kijiti akacheka. Ukicheka na mrija mdomoni, huvuti, unapuliza. Wote sita wakaishia kwa wa machungwa.

Akaufunga mlango wa kizimba, akaendelea na kazi. Walipozaliwa machotara, wenye mistari ya mama na tumbo la baba, aliwanyonya mmoja mmoja akawaficha kwenye kizimba kikuukuu nyuma ya friji. Aliwapa mapera, wakayanusa kama wageni waliokwisha kula. Aliwapa machungwa, yaleyale. Akaanza kuwahesabia siku, mpaka shangazi alipoweka mfuko wake wa matunda ya zambarau juu ya kizimba, na ukoo mzima ukapanda kwenye wavu. Tangu hapo walikula zambarau, wakaoana juu ya zambarau, wakataga humo humo. Kizazi cha nne kilikuwa kinene kuliko Kijiti mwenyewe.

Ndipo likaja tangazo: friji inahamishwa Ijumaa.

"Sema wewe, mwanangu," shangazi alimwambia, "kabla friji haijasema."

Akasema. Daktari hakufoka. Alikiangalia kizimba, akaangalia friza. Kijiti akamwomba jambo moja tu: wapewe sahani tatu kwanza, wachague wenyewe.

Wakaweka mapera, machungwa na zambarau kwenye kizimba kikubwa, wakaachia machotara themanini. Baada ya saa nzima, sabini na moja walikuwa kwenye zambarau. Wakajaribu nzi wa mapera, kisha wa machungwa; hao waliipita zambarau kama mlango wa mtu anayewadai.

Daktari akavuta kiti. Alieleza taratibu, kama anayejieleza mwenyewe, kwamba nzi hawa huchumbiana juu ya tunda wanalolipenda. Chotara anayependa zambarau atakutana na mpenda zambarau mwenzake tu, wala hatarudi kwa wajomba wala kwa baba wadogo. Wakiendelea hivyo vizazi na vizazi, hawatakuwa tena mchanganyiko wa watu wengine. Watakuwa aina yao.

"Bado," alisema. "Lakini wameanza. Friza isubiri."

Kijiti akapumua, safari hii bila mrija. Ila daftari la maabara lilitaka chanzo cha mchanganyiko, na Daktari akasema liandikwe lote, na utani uliomchekesha pia. Kijiti akaandika huku masikio yanawaka moto. Daktari akasoma, akafika kwenye "wewe wa chupa", akarudia mstari ule. Akavua miwani, akaenda kwenye sinki.

"Majina yako kamili nani?"

Shangazi akafuta mikono kwenye aproni, akayataja yote matatu, polepole, asije akaruka hata moja. Daktari akayaandika kwa herufi kubwa kwenye lebo, akaibandika kwenye kizimba cha zambarau.

"La Kilatini litafuata," alisema.

Shangazi aliisoma lebo mara mbili, kisha akasogeza mfuko wake wa zambarau mbali kidogo. Watoto wake wale, alisema, wameanza kumzoea.