Ndege Iliyopinduka Bila Kudondosha Tone

Ndege yetu ya mazoezi ilikuwa na mabawa mawili, moja juu ya jingine. Siku ilipoangukia mahindi ya akina Bukurov ikalala chali, magurudumu yakitazama mawingu, mwalimu Miladin alijikokota kutoka chini yake, mfupa wa mtulinga, ule wa begani, umevunjika, akaketi palepale chini ya tangi la mafuta, akawasha sigara. Sisi wanafunzi tuliokuja mbio kutoka kiwanjani tulisimama mbali tukingoja alipuke. Hakulipuka.

Mwanafunzi wake, Desanka, alikuwa bado ananing'inia kwenye mikanda, kichwa chini.

"Njoo unifungue, Zivko," aliniambia. "Au umekuja kutalii?"

"Subiri kidogo. Sijawahi kuona popo aliyesuka nywele."

Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kimeshahukumu. Injini ilizimika angani, mita mia mbili, dakika chache tu baada ya kupaa. Koki ya mafuta iko karibu na goti la mwanafunzi. Basi msichana kaigonga kwa goti, kaifunga. Lajos, fundi wetu tuliyezoea kumwita mjomba, alikagua akakuta mafuta tele na koki wazi. Wakasema ameifungua tena kwa hofu. Jumamosi kamati ya klabu yetu ya urubani ingekutana kwa Bwana Teofil, mfamasia, kulifuta jina la Desanka orodhani. Naye baba yake alishasema: akifutwa anarudi kwenye cherehani, na asisikie tena habari za kuruka.

"Sikuigusa ile koki," Desanka aliniambia. "Unaniamini?"

"Nakuamini. Ila mimi niliamini pia kwamba nitafaulu hesabu."

"Zivko."

"Haya, nakuamini."

Kilichonikosesha raha ni ile sigara. Tangi lilikuwa limejaa, nalo lilikaa juu chini nusu saa nzima. Mbona halikudondosha hata tone? Nilikwenda kumuuliza mwalimu kitandani kwake. "Ulitaka nichomeke?" akanijibu. Nikamuuliza padri, akasema ni Mtakatifu Ilija, mlinzi wa marubani. Namheshimu sana Mtakatifu Ilija, lakini sikumwona pale akiziba tangi.

Ijumaa mchana mjomba Lajos alinituma mvinyo kwenye ghala lake la chini. Nikafungua bomba la pipa. Mvinyo ukatoka kwa fujo, ukapungua, ukawa uzi, ukakata. Nikalisukuma pipa, zito, limejaa.

"Umetoa kizibo cha juu, we bwege?" Lajos aliniuliza kutoka juu ya ngazi. "Hewa isipoingia, utangoja hapo mpaka Krismasi."

Nikakitoa. Pipa likavuta pumzi, mvinyo ukaja. Nami nikatoka mbio, bomba nimeliacha wazi, jambo ambalo mjomba hajanisamehe hadi leo.

Katika banda la kiwanjani, ndege ilikokuwa imeletwa, nilikishika kifuniko cha tangi lake. Katikati yake huwa kuna tundu dogo, kama la sindano, la kuingiza hewa kadiri mafuta yanavyopungua. Halikuwepo. Palikuwa na rangi nyekundu, laini, inayong'aa.

Rangi ile naijua. Jumatatu nilimvalisha mbuzi kofia ya mwalimu, na adhabu yangu ikawa kuipaka ndege rangi kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Ilija. Niliipaka vizuri mpaka watu wakashangaa, maana si kawaida yangu. Desanka ndiye wa kwanza kuruka nayo tangu rangi ikauke. Wa pili ningekuwa mimi.

Palikuwa na msumari pale mezani. Ningelichokoa lile tundu, nani angejua? Niliushika ule msumari kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema.

Jumamosi nilimpa Bwana Teofil kifuniko mbele ya kamati nzima.

"Tafadhali puliza hapo, bwana."

Akapuliza hadi mashavu yakawa mekundu kama rangi yenyewe. "Hakipitishi kitu," alisema. Nikawaeleza habari ya pipa na ya tundu lililozibwa na rangi. Wote wana mapipa nyumbani, hawakuhitaji kuelezwa mara mbili.

"Na nani alipaka rangi?" mfamasia akauliza.

"Mimi, bwana."

Mwalimu Miladin, mkono wake umefungwa shingoni, alinitazama kama fundi anayempimia mtu jeneza.

"Nilimwambia apake kila kitu," alisema mwishowe. "Ndiyo mara yake ya kwanza kunisikiliza."

Jina la Desanka likabaki. Langu likawekwa kando mpaka mavuno yaishe, yakiwemo mahindi ya akina Bukurov, ambayo niliamriwa kuyavuna kwa mikono yangu mwenyewe.

Desanka hakunishukuru. Siku ndege ilipotoka kutengenezwa, nilikuwa nimesimama katikati ya mahindi nikiwa na mundu. Kabla ya kupanda alichomoa sindano kwenye ukosi wa koti, akaipenyeza katika tundu la kifuniko, akaizungusha polepole, bila haraka yoyote, huku ananitazama mimi.

Halafu akapaa.