Alichokula Donatus

Donatus alikufa juu ya pikipiki, kati ya zahanati ya kijiji na hospitali ya Mhunze, amefungwa kwa khanga kifuani mwa mama yake, Anisia. Dereva hakujua. Aliendelea kukikimbiza chombo huku akikwepa mashimo, na Anisia hakumwambia kitu, maana aliona akilitamka tu litakuwa kweli. Wakaenda hivyo mpaka mlangoni, na muuguzi aliyempokea mtoto ndiye aliyeinamisha kichwa.

Alikuwa na miaka minne, na hakuwa na ndugu. Malaria ilimpanda kichwani, degedege likamshika, na dawa ya zahanati ikawa imechelewa.

Baba yake, Luka, alikuwa machimboni Geita. Alifika kesho yake na basi la mchana, viatu vikiwa bado na vumbi jeupe la mawe, akapita katikati ya watu bila kumsalimia yeyote, akaanguka chini kando ya mwili wa mwanawe kama mtu aliyesukumwa. Jioni ile wakamzika Donatus nyuma ya zizi la ng'ombe, ubavuni mwa babu yake.

Anisia hakuwa mwenyeji wa pale. Kwao ni Ushirombo, katika familia ya Wasumbwa, wakulima Wakatoliki. Luka alimkuta Kalangalala, Geita mjini, akipika kwenye mgahawa wanakokula wachimbaji, akamleta Kishapu kwenye nchi kavu ya pamba na mifugo, akamjengea nyumba upande mmoja wa zizi. Upande wa pili, wa magharibi, ilikuwa nyumba ya mama yake Luka, mjane aitwaye Mageni. Wanawake hao wawili hawakuiva chungu kimoja hata siku moja. Mageni alitaka mjukuu apewe jina la babu yake. Anisia akampeleka parokiani akabatizwa Donatus. Mageni akasema mbele ya majirani kwamba mwanawe ameokota mke kwenye masufuria ya watu. Mwaka ule, wakati wa palizi, waligombana tena, safari hii kwa ajili ya maziwa ya ng'ombe mmoja, na Anisia kwa hasira akamkataza mtoto kuvuka zizi kwenda kwa bibi yake. Donatus akatii. Akawa anasimama kwenye ua wa miiba, anamtazama bibi kwa mbali, kisha anarudi kucheza.

Basi mambo yalikuwa yamesimama hapo msiba ulipoingia.

Matanga yalipoanuliwa, Luka hakurudi Geita. Duara, yaani shimo la dhahabu walilokuwa wakichimba na wenzake, halikuwa limetoa kitu tangu mvua zianze, na sasa mtoto naye hayupo. Alikuwa anakaa kwenye gogo kutwa nzima, chakula kinapoa mbele yake. Kaka yake Adam, wa baba mmoja na mama mwingine, ndiye aliyeanza kumwambia kwamba mtoto mwenye afya hafi hivihivi. Alimwambia leo, akamwambia kesho, mpaka likamwingia. Siku moja wakachukua kuku, wakaondoka kwenda kwa mganga wa ramli. Waliporudi Luka alikuwa amebadilika sura. Mganga alikuwa amempasua yule kuku na kumsoma ndani, akasema mkono uliomlisha mtoto uko magharibi ya nyumba, na mwenye mkono huo ana macho mekundu.

Macho ya Mageni yalikuwa mekundu kweli, kama ya vikongwe wengi wa kule, ambako kuni zimekwisha na watu wanapikia mavi ya ng'ombe na mabua ya pamba. Lakini kwa siku zile hakuna aliyetaka kufikiria moshi.

Luka alipomweleza mkewe maneno hayo, Anisia aliinuka. Aliingia ndani, akakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu azike alihisi kama mtu aliyepewa maji. Kama ni yule bibi, basi si chandarua kilichochanika ambacho alikuwa akisema atakishona. Kama ni yule bibi, basi si ile asubuhi aliyopoteza akingoja homa ishuke yenyewe. Angeweza kumchukia Mageni mpaka mwisho wa maisha yake, na chuki ile ingekuwa nyepesi kuibeba kuliko hiki alichokuwa nacho. Na yeye hakuwa mtu wa kusema hakuna wachawi. Amekulia kwenye imani hizohizo kama wengine, ameyasikia yote.

Ila kila alipojaribu kumweka Donatus kwenye nyumba ya bibi yake, na bakuli mkononi, picha haikukaa. Siku za mwisho za mtoto alikuwa anazijua zote. Zilikuwa ndizo mali pekee aliyoachiwa. Alijua alichokula na alichokikataa, aliulizia nini, alilala upande gani. Kusema uongo juu ya siku zile kungekuwa ni kumnyang'anya mtoto mwenyewe, na kuweka mahali pake mtoto mwingine wa kutungwa. Ndipo alipojua kwamba kuna kitu hatakifanya, hata wamfanye nini. Hakujiona jasiri. Aliogopa.

Kikao cha ukoo kilikaa mchana, kwenye kivuli cha nyumba ya Adam. Mageni hakuitwa. Anisia alipiga goti akawasalimia wakubwa, akakaa kwenye mkeka na wanawake. Adam akasema kwa sauti ya upole kwamba hawataki kumchosha shemeji yao, ana machungu. Wanataka tu athibitishe kwamba mtoto alikula kwa bibi yake kabla ya kuugua, ili ukoo ujue la kufanya. Wote wakamgeukia. Luka alikuwa anatazama chini.

"Siku aliyoanza homa alikunywa uji wa mtama, akaubakiza," Anisia alisema. "Jioni alikula ugali kidogo na mlenda, nimemlisha mimi. Kesho yake hakutaka kitu, alinyonya tu kipande cha muwa alicholetewa na Nyamizi, na mimi nipo. Kwa bibi yake hakufika. Mwezi mzima hakufika, maana mimi ndiye niliyemkataza. Mtoto amekufa kwa malaria."

 Mzee mmoja akakohoa. Adam akamkumbusha kwamba hata yeye mwenyewe hampendi yule bibi, kijiji kizima kinajua. Anisia akakubali kwamba hampendi.

Luka akainua macho. Yalikuwa yamejaa machozi. "Kwa hiyo mwanangu amekufa bure?" aliuliza.

Hilo lilimchoma Anisia kuliko yote, kwa sababu na yeye alikuwa anajiuliza hilohilo kila siku.

Kikao kilivunjika bila uamuzi wa kutamkwa. Lakini baada ya siku chache Nyamizi, jirani aliyempenda, alimfuata kisimani akamwambia bila kumtazama kwamba kuna watu wa mbali, wa mapanga, wameongeleshwa, na kwamba ni vizuri asiwe karibu na nyumba ya magharibi. Anisia akaacha ndoo palepale. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, ambaye alimsikiliza akaguna, akasema maneno ya kisimani hayana shahidi. Anisia akampigia simu polisi wa kata. Huyo alikuja na pikipiki, akamwonya Adam mbele ya watu, akaondoka. Pikipiki ilipopotea kwenye vumbi, Adam aliingia ndani akicheka kidogo.

Basi Anisia akafanya lile lililobaki. Mchana kweupe, watu wakiwa wanarudi kutoka mashambani, alijitwika godoro lake, akalivusha zizi, akalipeleka nyumbani kwa Mageni. Alitaka kila mtu aone. Watakaokuja usiku itabidi wamkute na mama wa marehemu, na hakuna atakayesema wamemlipia kisasi mtoto kwa kumkata mama yake.

Mageni alikuwa ameketi mlangoni akinusa ugoro. Alimtazama kutoka kwenye godoro mpaka miguuni. "Umekuja kunilinda au kunichunga?" aliuliza.

Anisia alisema amekuja kulala. Bibi akasogeza miguu ili apite.

Kesho yake Luka alikuja akasimama nje. Hakuingia, wala hakumwamkia mama yake aliyekuwa anamsikia kupitia ukutani. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba. "Mama Donatus, toka humo. Twende Geita tukaanze upya. Ukibaki humo, mimi si mume wako tena."

Anisia alimpenda Luka. Hili watu wa pale hawakulielewa kamwe baadaye, walipokuwa wanamwita mwenye roho ngumu. Alimpenda, na aliona jinsi mashati yalivyokuwa yanamning'inia mwilini, na alijua kwamba akitoka atakuwa na mtu wa kulia naye. Akamwambia kwamba akitoka leo, mama yake hatamaliza wiki, na yeye Luka hatapata mahali pa kuuweka mzigo huo, hata akichimba mpaka chini ya dunia. Luka akafuta uso kwa mkono, akageuka. Jioni alipanda basi. Miezi ilipopita, habari zikaja kupitia watu wa machimbo kwamba ana mwanamke mwingine huko.

Wale watu wa mbali hawakuja, au walikuja wakarudi, hakuna aliyejua. Ila kijiji kilifunga mlango. Salamu zikawa fupi. Kisimani wanawake walimpisha, si kwa heshima. Mama yake Anisia, Evelina, alipiga simu kutoka Ushirombo akilia, akimwambia arudi, mbona anakufa kwa ajili ya mtu asiye wake. Anisia alisema atarudi, lakini si sasa.

Hawakuwa marafiki, yeye na Mageni. Bibi alilalamika kwamba Msumbwa huyu anaunguza mboga, anafagia vibaya, anapoteza chumvi. Hakumshukuru hata mara moja. Walilima dengu pamoja, wakazing'oa pamoja, wakakaa jioni kila mmoja na chungu chake. Kisha siku moja, wakipepeta, Mageni alisema bila kuinua kichwa, "Niambie alivyokuwa. Zile siku."

Anisia akamwambia. Alimweleza uji uliobakizwa, na muwa, na jinsi Donatus alivyotaka mlango uachwe wazi aone ndama. Alimweleza pikipiki. Alimweleza kwamba alijua, na hakumwambia dereva. Hakuwa amemwambia mtu yeyote hilo. Mageni aliweka ungo chini. Alisema kwamba mtoto alikuwa anasimama kwenye miiba anampungia mkono, na yeye, kwa kiburi cha ule ugomvi, alikuwa anajifanya haoni. Kisha akaanza kulia kwa sauti nyembamba ya kizee. Anisia hakumgusa. Alikaa tu karibu naye mpaka ng'ombe wakarudi.

Kifua kilimbana Mageni kabla ya mvua za mwaka ule. Anisia alimpeleka hospitali, wakakaa, wakarudishwa nyumbani na vidonge. Alikufa asubuhi, kitandani mwake, akiwa ameumaliza umri wake. Mazishi yalikuwa ya watu wachache sana: Nyamizi, mwenyekiti, wazee wawili waliokuja kwa aibu. Adam alituma watoto wachimbe kaburi, yeye mwenyewe akawa na safari.

Luka alikuja. Alisimama mbali kidogo na kaburi, amekonda, ameshika kofia. Watu walipotawanyika alimsogelea Anisia. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Alinitaja?"

Anisia aliona jinsi alivyokuwa analingojea jibu. Angeweza kumpa neno zuri, na hakuna ambaye angeumia. Alilitafuta hilo neno, akalikosa.

"Kila siku ya gulio alikuwa anauliza kama umekuja," alisema. "Baadaye akaacha kuuliza."

Luka alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama mtu anayekubali bei. Kisha akachuchumaa palepale, akafunika uso. Anisia aliweka mkono begani mwake kwa muda, akauondoa, akaenda kufungasha.

Hakukuwa na cha kumbakiza. Nyumba zote mbili Adam alikwisha kuzipangia watu. Alipita nyuma ya zizi, akang'oa majani yaliyoota juu ya kaburi la mwanawe, akakaa hapo mpaka Nyamizi alipokuja kumwita na kumbebea mfuko hadi barabarani. Hakuna aliyetoka kumuaga, na hakuna aliyemwambia kwamba walikosea.

Kwenye basi la Kahama alikaa na mama mmoja wa makamo mwenye maneno mengi. Walipofika Isaka basi likasimama likingoja malori yaingie bandari kavu, na yule mama akamuuliza kama ana watoto. Anisia akasema alikuwa na mmoja, wa kiume. Mama akampa pole, akamsogelea, akauliza kwa kunong'ona ni nini kilimpata.

"Malaria," alisema Anisia.

"Malaria tu?"

"Malaria tu."

Yule mama alimtazama kama mtu aliyefichwa nusu ya habari, akageukia dirishani. Malori yakapita, moja baada ya jingine, na Anisia akavuta khanga usoni, akalia kimyakimya mpaka basi lilipoondoka.